Mwanaume Ndani ya Saa ya Maîtresse Asumini

Leo nimechekwa na shule nzima. Si wanafunzi peke yao. Walimu, wazazi, padri, imamu, na mama mmoja wa Nyangwe aliyekuwa anapita njiani na beseni la samaki kichwani, akasimama kuuliza kuna nini. Akaelezwa. Akacheka na yeye.

Acheni niwaambie mwenyewe kabla hamjaletewa na wengine. Maana Kasongo hii naijua. Mpaka jioni mtaambiwa kwamba nilikamatwa.

Mnanijua. Mimi ni Mwavita, yule wa kibanda cha bluu pembeni ya soko. Fotokopi, picha za pasi, kutengeneza telefone. Na tangu mwaka jana ninabadilisha nyuso za saa, zile saa za mkononi zinazochajiwa kama telefone. Mtu anakuja na saa yenye uso wa kiwandani, anaondoka na uso wenye picha ya mtoto wake, au timu yake, au jina la mchumba (huyo hurudi baada ya miezi mitatu tubadilishe jina).

Michoro yenyewe sichori mimi. Mbele ya wateja nasema nachora, lakini leo ni siku ya kukiri. Kuna programu moja kwenye telefone. Unaandika unachotaka, nayo inapekua huko duniani, inakuletea modeli za nyuso za saa, sawa na fundi cherehani anavyokufungulia kitabu cha mishono. Unachagua mmoja, unaweka jina, unautuma ndani ya saa. Kwisha kazi.

Sasa, leo ilikuwa sherehe ya Maîtresse Asumini.

Kwa rafiki zangu wa mbali: huku kwetu mwalimu mwanamke wa shule ya msingi tunamwita maîtresse. Na ukisema "maîtresse" peke yake, bila jina, Kasongo nzima inajua ni Asumini. Alinifundisha mimi mwaka wa kwanza. Alimfundisha mama yangu mdogo. Amefundisha wakubwa wa ofisi na wezi wawili watatu, na wote wana mwandiko mzuri. Fimbo hakuwahi kushika. Alikuwa anakutazama tu juu ya miwani, kimya, na wewe mwenyewe unainuka unaenda kusimama pembeni ya ubao.

Leo anastaafu. Wanafunzi wake wa zamani tuliunda komite ya kumpa saa. Mwenyekiti ni Papa Ramazani, muuza sementi, mtu mwenye tumbo na maneno. Saa aliiagiza Bukavu. Ilitakiwa ifike Jumatano. Imefika leo asubuhi, saa nne, juu ya pikipiki iliyotoka Kabambare, imefungwa ndani ya soksi.

Sherehe ilikuwa saa tano.

Papa Ramazani akaingia kibandani kwangu anavuja jasho.

"Mwavita, washa tuone."

Nikaiwasha. Ikatoka sura ya mbwa. Mbwa wa katuni, ametoa ulimi, anakonyeza jicho moja.

Tukatazamana, mimi na Papa Ramazani na mbwa.

"Ondoa huyu," akasema.

"Anatoka, Papa. Dakika kumi tu."

"Watu wameanza kuikala kwenye viti kule shuleni! Weka kitu cha heshima. Kitu cha maîtresse."

"Papa, usiogope. Kazi hii Kasongo nzima iko na mutu mumoja, na ndiye huyu unamuona."

(Nilisema hivyo. Kwa kinywa changu.)

Nikafungua programu. Rezo, yaani mtandao, ilikuwa inachechemea kama kawaida yake. Programu yenyewe inasikia Kifaransa tu, Kiswahili haikijui. Kwa hiyo nikaandika neno moja, lile lile alilosema mwenyekiti: maîtresse. Nikabonyeza. Kale kaduara ka kungojea kakazunguka, kakazunguka. Papa Ramazani anapumua juu ya shingo yangu.

Zikaja. Nyekundu nyingi! Maua mengi! Waridi, utepe, midomo iliyopakwa rangi. Nikamwambia Papa Ramazani: "Unaona? Hata wazungu wanaheshimu walimu."

Nikachagua moja nzuri sana. Mishale ya dhahabu. Waridi kubwa chini. Katikati kuna kadirisha kenye pazia jekundu, limefungwa. Nikasema moyoni, pazia ni heshima, ni kama sebule ya mtu mkubwa. Chini yake kulikuwa na maelezo marefu yanayoanza na neno "Attention". Uso ulikuwa umeshashuka kwenye telefone, ila kabla sijasoma neno la pili rezo ikakatika. Nikaona si neno. Labda ndivyo wanavyosalimiana.

Nikaandika jina lake kwa dhahabu. Nikapandisha sauti ya saa mpaka mwisho, kwa sababu maîtresse ni mtu mzima, asije akakosa kuisikia. Nikaijaribu. Mishale inakwenda, tarehe ipo, waridi linafumbuka na kufumba. Hapo ilikuwa saa tano na robo. Kumbukeni hiyo robo. Hiyo robo ndiyo iliyoniua.

Papa Ramazani akaishika kwa mikono miwili. "Mwavita, weye iko na kipaji."

"Aksanti, Papa," nikasema, kwa unyenyekevu wa uongo.

Tukaenda. Nilikuwa nimevaa kikwembe kipya, kitenge kile cha kijani. Uwanja umejaa. Wageni walitoka mpaka Lusangi. Juu ya paa la darasa waliweka spika mbili kubwa, na mbele kuna meza yenye kitambaa. Kiti cha kwanza amekaa Papa Amisi, mume wa maîtresse, seremala, mzee wa maneno machache. Alikuwa anasinzia. Sikumlaumu, mkuu wa shule alikuwa anahutubia.

Mkuu wa shule akamaliza. Papa Ramazani akashika mikrofoni.

"Saa hii," akasema, "uso wake umetengenezwa hapa hapa Kasongo! Na mutoto wetu Mwavita! Mwavita, simama watu wakuone!"

Nikasimama. Nikapunga mkono. Hapana, nisiwadanganye, nilipunga mikono miwili.

Maîtresse Asumini akavishwa saa mkono wa kushoto. Watu wakapiga makofi. Akavua miwani aifute kwa mkono wa kulia, maana machozi yalikuwa karibu. Mikrofoni akapewa kwa ule mkono wa kushoto. Mnaona? Saa na mikrofoni, mkono mmoja.

"Wazazi wapendwa," akaanza. "Watoto wangu..."

Ikagonga saa sita kamili, saa kamili ya kwanza tangu niweke uso ule.

Kwanza ulitoka mluzi. Si mluzi wa mchezo. Ni ule mluzi wa mtu aliyejificha nyuma ya nyumba. Mimi nilikuwa karibu, nikaona. Lile pazia likafunguka. Dirishani akatokea mwanaume mwenye sharubu, nywele zinang'aa mafuta. Na sauti yake nzito ikapita kwenye mikrofoni, ikapanda juu ya paa, ikashuka juu ya Kasongo nzima:

"Mon amour, c'est moi. Ton mari est parti?"

Kwa wasiosikia Kifaransa: Mpenzi, ni mimi. Mume wako ameshatoka?

Hata mbuzi waligeuza shingo.

Papa Amisi akashtuka usingizini. Akasimama wima kama nguzo.

"Nani anauliza? Mume iko hapa! Mimi naikala hapa!"

Saa, kama vile imemsikia, ikapiga mluzi mara ya pili. Yule mwanaume akalainisha sauti:

"Alors, j'entre?" Basi, niingie?

"Asiingie!" akapiga kelele Papa Amisi.

Watu walikuwa wanameza kicheko kama bugali wa moto. Mashavu yamevimba. Papa Ramazani alikuwa ananitazama kwa macho ya mtu anayetafuta jiwe. Mimi nilikuwa natafuta pikipiki yoyote inayokwenda popote.

Maîtresse Asumini akavaa miwani. Akanitazama juu yake. Kimya.

Rafiki zangu, nina miaka thelathini na moja. Nina kibanda, nina kodi ya soko, nina watu wananiita mama. Nikainuka mwenyewe, nikaanza kwenda kusimama pembeni.

"Si huko," akasema. "Njoo hapa mbele."

Nikaenda. Akanionyesha mkono. Yule mwanaume bado yuko dirishani, anatabasamu.

"Mwavita, huyu ni nani?"

"Simujui, maîtresse."

"Mimi pia simujui. Lakini yeye anaongea kama mutu mwenye kunijua."

Hapo mwalimu mmoja nyuma alishindwa, akatoa sauti kama gurudumu la baiskeli linalotoka upepo. Maîtresse hakugeuka. Akainua ile saa mpaka mdomoni, taratibu, mikrofoni hapo hapo, akamjibu yule mwanaume:

"Mume iko hapa. Na iko na nyundo."

Basi!

Uwanja ulipasuka. Imamu alijifunika uso kwa kanzu yake. Padri alikuwa anajipigapiga mapaja. Mama wa Nyangwe alitua beseni chini kabisa, akaketi juu ya majani, akalia machozi. Benchi la wageni wa Lusangi lilipinduka na watu wake, na wakaendelea kucheka wakiwa chini. Na Papa Amisi, mzee yule asiyesema, alinyanyua ngumi juu kama amefunga bao.

Mimi peke yangu ndiye sikucheka. (Sasa ninacheka kidogo. Mchana sikucheka.)

Maîtresse akainua mkono mmoja. Watu wazima mia na kitu wakanyamaza mara moja.

"Uliandika nini mpaka ukamupata huyu?"

"Niliandika... maîtresse."

Wanaojua Kifaransa walianza tena wa kwanza. Wengine wakawauliza, wakaelezwa, kicheko kikatembea benchi kwa benchi mpaka nyuma. Maana neno hilo kwa wenye lugha yao ni mwalimu, ndiyo. Lakini pia ni mwanamke wa siri, yule anayetembelewa mume akitoka. Na mimi nilijua! Nilisoma mpaka mwaka wa sita wa sekondari! Lakini asubuhi, na Papa Ramazani anakupumulia shingoni, nani angekumbuka?

"Programu haina kosa," akasema maîtresse. "Imejibu swali. Ni weye uliuliza kwa neno lenye milango miwili, na ukaingia bila kutazama ni mlango gani." Kisha akageukia watu. "Mutoto akikosea anafanya nini?"

Uwanja mzima, na mvi zao, na vitambi vyao, na watoto wao migongoni, ukaitika kwa wimbo ule ule wa darasani kwake:

"Anafutaaa! Anaandika teeena!"

Hata Papa Ramazani aliitika. Nilimuona.

"Haya. Futa."

Nikafuta. Mwanaume wa sharubu akaondoka na waridi lake. (Kuna sauti moja ya mzee kutoka nyuma iliyosema "ah, pole". Sijui ni nani.)

"Sasa kabla hujaandika tena," akasema, "ulimuuliza mwenye saa anataka nini?"

"Hapana, maîtresse."

"Niulize."

"Maîtresse, unataka saa ya namna gani?"

Hapo akasita. Akavua miwani tena, akaizungusha vidoleni. Sikuwahi kumuona akisita.

"Nataka namba kubwa," akasema. "Kubwa sana. Macho yangu yamechoka, ni mwaka wa pili sasa. Ile saa ya ukutani mule darasani siioni. Munakumbuka kila siku nauliza, nani atatuambia ni saa ngapi? Watoto wanainua mikono. Watu wakasema, ona maîtresse anavyofundisha saa." Akatabasamu kidogo. "Sikuwa nafundisha. Nilikuwa naomba musaada."

Papa Amisi alikuwa anamtazama mke wake.

"Hukuniambia," akasema.

"Ungenikataza kuja shuleni."

Mzee alivua kofia. Alikaa chini polepole, akatazama mikono yake.

Sikilizeni. Pale pale aibu yote ilinitoka. Nilikuwa nimesimama na telefone mkononi, na mwalimu wangu hajui ni saa ngapi tangu miaka miwili, na mimi nilimletea waridi. Nikapandwa na hasira na mimi mwenyewe. Nikasema, leo hatutoki hapa.

"Rezo iko wapi katika shule hii?"

Wanafunzi wote wakajibu pamoja: "Juu ya kichuguu! Nyuma ya choo!"

Nikakunja kikwembe, nikapanda kichuguu. Sherehe yote ikanifuata. Padri, imamu, wageni wa Lusangi, beseni la samaki. Mimi juu, telefone hewani, wao chini wakinipa maneno ya kuandika, nami nayageuza Kifaransa.

"Namba kubwa!"

"Nyeupe juu ya nyeusi!"

"Kwa mutu mwenye macho dhaifu!"

"Weka na ua kidogo pembeni," akasema Papa Ramazani.

"Hakuna ua!" wakamjibu wote.

"Andika," akasema Papa Amisi kwa sauti ya amri, "kwamba ndani hakuna mutu."

Nikaandika yote. Hata la Papa Amisi niliandika, kwa heshima. Kaduara kakazunguka. Watu wakashika pumzi. Zikaja! Hazikuwa nyekundu. Zilikuwa nyeusi, tupu, na namba nene kama zile za kwenye mlango wa kambi. Nikachagua moja. Na safari hii, mbele ya mashahidi wote, nilisoma maelezo kwa sauti, neno kwa neno, mpaka jina la aliyechora na mwaka. Imamu alisema "amina".

Nikashuka na vumbi mpaka magotini. Nikaituma ndani ya saa. Nikamvisha mwenyewe.

Maîtresse Asumini akanyoosha mkono. Si karibu na pua. Mbali, kama msichana anayetazama pete.

"Saa sita," akasema. Akasogeza macho kidogo. "Na dakika arobaini na mbili."

Hakuna mtoto aliyemwambia.

Namba ikabadilika mbele yake. "Na tatu," akasema, polepole, kwake mwenyewe. Akaendelea kutazama. Wamama wakapiga vigelegele mpaka kunguru wakaruka kutoka juu ya paa. Papa Amisi alikuja akashika ule mkono, akasoma na yeye, akatingisha kichwa, akafuta macho kwa kofia yake.

Kisha akanigeukia. Seremala ni seremala, hupima mara mbili.

"Na saa saba kamili ikifika?"

"Hakuna kitu, Papa. Nimesoma yote."

"Tutaona."

Na watu walingoja! Chakula kilikuwa tayari, mchele umepoa, mbuzi anagandisha mafuta, hakuna aliyekwenda kula. Uwanja mzima umezunguka mkono mmoja. Saa sita na hamsini na nane. Hamsini na tisa. Papa Amisi ameweka sikio juu ya kioo.

Saa saba.

"Tii," ikasema saa. Basi.

Mzee akangoja bado kidogo. Akainuka.

"Hakuna mutu!" akatangaza.

Nyie! Sijawahi kushangiliwa hivyo, na sidhani kama nitashangiliwa tena. Wamama walininyanyua juu. Kikwembe cha kijani kilipasuka pembeni, hilo tuliache. Papa Ramazani alishika mikrofoni akasema kwamba wazo la namba kubwa lilitoka kwenye komite. Hakuna aliyemsikiliza. Wazee walikuwa wameshapanga mstari mbele yangu, mmoja ana saa, mwingine ana telefone, mwingine hana chochote lakini anataka kujua itakuwaje akinunua. Wote neno moja: namba kubwa. Kumbe Kasongo nusu yake haioni, na kila mtu alikuwa anadhani ni yeye peke yake.

Nimehudumia mpaka betri ya telefone imekufa. Ndipo maîtresse akaniita pembeni.

"Mwavita, kesho asubuhi uje nyumbani. Nataka kujifunza kutafuta na kubadilisha mimi mwenyewe. Nisiombe mutu."

"Ndiyo, maîtresse."

"Saa mbili kamili. Na usichelewe." Akainua mkono wa kushoto. "Sasa naona."

Haya, chekeni, nimewaruhusu, vichekesho vipo vingi na hata mimi sasa mbavu zinaniuma. Ila mkianza kunitania sokoni mkumbuke mnaongea na nani: kuanzia kesho mimi ni mwalimu wa Maîtresse Asumini, na nitamtazama mtu juu ya miwani mpaka asimame pembeni. Miwani sina, nitaazima.